Picha Chumbani kwa Alfonsina

Nyie, mie kicheko changu mtaa mzima unakijua, ila hili la shoga yangu Editha silicheki. Mwanawe Alfonsina, fundi cherehani, alikuwaga kampenda katuni mmoja wa Kijapani mwenye nywele ndefu za bluu, anaitwa Sorame. Picha yake kaibandika ukutani kwenye chumba alichopanga Segerea. Akiepua chapati, "Sorame, karibu tule!" Sie mbavu hatuna.

Alfonsina akaumwa siku tatu tu, akafa. Siku ya kuanua matanga, ndugu wa damu wote wakanyolewa vipara, ndivyo ukoo wao unavyofanya. Mchana uleule Editha akaenda kuchukua ile picha.

"Acha nikae na alichokipenda mwanangu, shoga," akaniambia huku analia.

Kufika, umeme umekatika, dirisha limezibwa, ndani giza totoro. Akasikia mlio kama wembe unanyoa kichwa cha mtu: kwaruu, kwaruu. Akaita, "Nani?" Akawasha tochi ya simu.

Sorame yuko palepale ukutani, ila kile kichwa cha nywele za bluu mpaka kiunoni hakina hata unywele mmoja. Nywele ziko chini sakafuni, na povu la sabuni bado halijakauka.