Penseli ya Kijani

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na kaka tulipanga sataranji kwenye meza ya jikoni. Nilianza vilevile siku zote: askari wa mbele ya malkia hatua mbili, kisha jirani yake namtoa kama chambo. Ukimla tu, kwisha habari yako! Nilimwapisha kaka asimwambie mtu.

Kwa chambo hicho nilishinda michezo mitatu ya mashindano. Ukabaki mchezo wa mwisho, dhidi ya binti wa fundi saa, kugombea nafasi moja tu katika timu ya shule.

Penseli yangu ya kuandikia hatua za mchezo ikavunjika, kaka akaenda kunitafutia nyingine. Nikamwona mlangoni akinong'ona na binti yule, wanacheka. Alirudi na penseli ya kijani iliyotafunwa mwishoni. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Mchezo ulipoanza, nikatoa chambo. Hakukigusa! Alimlinda askari wake bila hata kufikiri. Hee! Kajuaje? Nikamtazama kaka kwenye viti vya nyuma, naye akanionyesha dole gumba. Msaliti mkubwa, mdomo hauna breki! Nilimkodolea macho yeye badala ya ubao, mpaka farasi wangu akaliwa bure. Nikanyoosha mkono.

"Mama Mwamuzi, kaka yangu ametoa siri yangu!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kaka akainamisha kichwa. Mwamuzi alisimamisha saa, akanipeleka ukutani, ambako karatasi za kila mchezo uliokwisha hubandikwa. Tatu zilikuwa na mwandiko wangu, na zote zilianza sawasawa.

"Mpinzani wako amezisoma wakati wa mapumziko," alisema. "Inaruhusiwa. Wewe umezisoma zake?"

Sikuwa nimesoma hata moja. Nikarudi kuketi.

"Kaka yako aliniomba penseli tu," binti wa fundi saa aliniambia. "Akanicheka nilivyoitafuna."

Niliona aibu, nikatamani kujificha chini ya meza. Nilishindwa, na nafasi ikaenda.

"Nisamehe, kaka," nilisema huku nalia.

"Umeniumbua mbele za watu," alijibu, akatazama pembeni.

Mwamuzi akanishika bega. "Mwanangu, ulimwona mlangoni, ukamhukumu hapohapo. Mtu ukimshuku, muulize kwanza. Swali moja tu lingekuokolea farasi na kaka."

Kesho yake asubuhi kaka alipanga sataranji bila kunitazama. Nikaanza na askari wa mfalme. Akainua macho.

"Na hii nayo ni siri?"

"Hapana. Mwambie yeyote umtakaye."

Hapo ndipo akacheka.