Kappa Amechoka Kusalimiwa

Zuwena anaishi Tanga, Barabara ya Kumi na Moja. Shangazi yake anachora kuta za maduka.

Leo Shangazi amechora kwenye duka la juisi. Amemchora Kappa, kiumbe wa mtoni wa hadithi za Kijapani.

Kappa ana gamba la kobe. Ana mdomo wa bata na kimo cha mtoto. Utosini ana kisahani, na kisahani kina maji.

Rangi ilipokauka, Kappa akashuka ukutani. Pu.

"Nina njaa," akamwambia Zuwena. "Shangazi yako kachora gamba, kachora kucha, kachora mpaka chunusi. Chakula hakuchora."

"Unakula nini?"

"Tango."

"Mama Chiku anauza matango. Pale tu, ng'ambo ya barabara."

"Pale tu. Sawa. Ila maji yangu yakimwagika, miguu inalegea. Sitafika. Nitalala na njaa."

Wakaondoka. Taratibu, taratibu.

Mzee Ngoda, fundi cherehani, akainua macho. "Hujambo, mtoto."

Kwao Kappa, ukisalimiwa, unajibu konnichiwa, yaani habari za mchana, na unainama.

"Konnichiwa." Kichwa chini. Maji chwaa.

Miguu ikalegea. Kappa akakaa chini kama andazi lililolowa chai.

Zuwena akakimbia bombani. Akarudi na kikombe. Akajaza kisahani.

"Haya, twende." Taratibu, taratibu.

Muuza kahawa akapita na vikombe vyake. Kling, kling. "Hamjambo, watoto? Mmeshindaje? Nyumbani hawajambo?"

"Konnichiwa." Kichwa chini. Maji chwaa.

"Konnichiwa." Kichwa chini. Maji chwaa.

"Konnichiwa." Kichwa chini. Maji hakuna.

"Kauliza mara tatu," Kappa akasema kutoka chini. "Mara tatu. Anataka nini kwangu?"

"Anasalimia tu."

"Nyumbani kwangu ni ukutani. Hawajambo. Mwambie."

Zuwena akarudi bombani. Safari hii kulikuwa na foleni. Fyuuu, akashusha pumzi.

"Haya, twende. Tena."

Barazani alikaa Bi Saumu. Alipowaona, akasimama. Mikono kiunoni.

"Mtoto gani huyu anawapita wakubwa bila kuwaamkia? Sema shikamoo."

"Shikamoo. Konnichiwa." Kichwa chini. Maji chwaa.

Zuwena akaketi karibu na Kappa. Alikuwa amechoka. Alikuwa amelowa mpaka magotini.

"Mbona unainamainama?"

"Nina adabu."

"Kwani una miaka mingapi?"

"Mia tatu na kidogo. Wamenichora kwenye karatasi, kwenye vitambaa, kwenye katuni. Mia tatu na kidogo."

"Na umenyamaza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Wameuliza nimeshindaje. Wameuliza nyumbani. Umri, hakuna."

"Kappa, wewe si mtoto. Wewe ni babu. Hapa kwetu babu hainami. Babu anaamkiwa. Anainua kichwa, anasema marahaba. Basi."

"Hainami?"

"Hata kidogo."

"Na si utovu wa adabu?"

"Ndiyo adabu yenyewe."

Zuwena akaleta maji kwa mara ya mwisho. Kisha akasema, "Bibi, huyu ana miaka mia tatu."

Bi Saumu akatazama gamba. Akatazama makunyanzi ya shingo. Mikono ikatoka kiunoni. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu amwamkie mtu.

"Shikamoo, babu," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Kichwa juu. Maji kimya.

Mzee Ngoda akasikia, akaacha cherehani. "Shikamoo, babu."

"Marahaba." Kichwa juu. Maji kimya.

Wakavuka barabara. Wakafika.

"Shikamoo, babu," akasema Mama Chiku. "Nikukatie tango?"

"Marahaba. Usikate. Lete zima."

Kru, kru, kru. Kappa akala tango. Kru, kru, kru. Akala la pili. Tumbo likajaa.

Jua lilikuwa limezama.

"Sasa tucheze," akasema Zuwena.

Kappa akafuta mdomo. "Kucheza? Saa hizi? Watoto wenzako wako wapi saa hizi? Nenda kanawe miguu. Kalale."

"Lakini mimi ndiye niliyekufanya babu."

"Marahaba," akasema Kappa.

Fyuuu. Zuwena akarudi nyumbani. Akanawa miguu. Akapanda kitandani.

Ungefanyaje? Babu kashasema.