Guta Lililokwama Korongoni

Mnyororo wa guta ulikatika katikati kabisa ya korongo, pale pale ambapo Hafsa alikuwa ameshasema wasipite.

"Nilisema," akasema Hafsa.

"Umesema tangu Korogwe, Mama Yusra," mumewe, Rehani, akamjibu akishuka kwenye usukani. "Tangu Korogwe hujafunga mdomo."

Ilikuwa kweli. Rehani alikuwa seremala, mtu wa taratibu, haraka hajui hata inafananaje. Guta lile la injini lilikuwa la kubebea mbao, na siku hiyo alilipakia mke, watoto wawili, turubai, magodoro, sufuria, madumu ya maji na robota la kamba ya katani. Watoto walikuwa wameona kwenye simu watu wakilala porini kwenye mahema, wakichoma nyama na kucheka, wakamganda baba yao likizo nzima. Akaona isiwe tabu, wakalale usiku mmoja kwenye shamba la marehemu baba yake, ndani ndani huko Handeni. Hafsa alikuwa msusi, na mikono yake haikujua kukaa bure. Ikikosa kichwa cha kusuka itachambua hata mkeka. Kwake yeye, kwenda porini kukaa tu ilikuwa adhabu.

Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu toka ukingo hadi ukingo. Walisukuma guta mpaka migongo ikauma, lisiende popote. Kwa kuwa shamba lilikuwa ng'ambo tu, juu ya ukingo, walibeba vitu mikononi. Magodoro wakayaacha kwenye guta, yatafuatwa baadaye.

Huko juu vituko vikaanza. Rehani alisimamisha hema la turubai, likaanguka. Akalisimamisha tena, safari hii likamwangukia yeye mwenyewe, na Mustafa, kitinda mimba wa miaka sita, akacheka mpaka akakaa chini. Ngedere wakaondoka na mkate. Yusra, wa darasa la sita na mjuzi wa kila kitu, akapika wali ulioungua chini ukabaki mbichi juu, na chumvi ilikuwa imesahaulika nyumbani. Waliula hivyo hivyo. Hafsa alijikuta anacheka na wenzake, akashtuka kujiona, akainuka kwenda kupanga kuni zilizokwisha kupangwa.

Alasiri, upande wa milimani kukawa kweusi. Ngurumo zilisikika kwa mbali, ingawa pale kambini jua lilikuwa bado linawaka.

"Baba Yusra, mvua ile."

"Iko mbali ile. Na ikija, turubai si tunalo?"

"Na guta?"

"Guta bila mnyororo litaenda wapi?" Akacheka, akajinyoosha. "Basi ngoja nikafuate magodoro yasije yakalowa. Twende, Mustafa."

"Usikawie. Maana wewe ukitumwa..."

Rehani alishamjua mkewe, akampungia mkono bila kugeuka. Baba na mwana wakateremka korongoni.

Hafsa aliposikia mngurumo alidhani ni lori. Kisha akakumbuka kuwa barabara ya malori haikuwa upande ule. Upepo wa baridi ukampiga usoni na harufu ya tope, akatupa kuni, akakimbilia ukingoni.

Maji yalikuja yote kwa mpigo, mekundu, yamebeba magogo na mapovu. Rehani aliwahi kumrusha mtoto juu ya magodoro, naye akapanda. Guta likanyanyuliwa, likazungushwa, likasukumwa mpaka likakwama kwenye mizizi ya mkuyu ulioanguka katikati ya korongo. Likabaki hapo linatetemeka.

"Rehani!"

Hakuwa amemwita jina lake tangu Yusra azaliwe. Baina yao palikuwa na upana wa barabara ya lami, lakini barabara yenyewe ilikuwa inakimbia. Hafsa akaingia majini. Hatua ya pili maji yakamzoa miguu, na kama si Yusra kumdaka gauni, habari yake ingeishia hapo.

"Mama, toka! Ukienda na wewe tutabaki na nani?"

Alimwogopea mumewe, akamwogopea mwanawe, na tena akaona aibu kwa kelele zote alizompigia mtu yule tangu asubuhi. Kisha akaliona lile robota la katani. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu. Ikakatika. Ilikuwa kamba ya kufungia mbao tu, nyembamba.

"Lete kisu," akamwambia Yusra. "Tunasuka."

Mama yake Hafsa alifanya kazi kwenye mashamba ya katani, na yeye utotoni alijifunzia kusuka kwenye nyuzi hizo kabla hajapewa kichwa cha mtu. Walikata kamba tatu ndefu, wakazifunga kwenye shina la mkwaju lililokuwa juu kidogo ya pale guta lilipokwama. Yusra akawa anazichambua zisishikane, Hafsa anasuka huku akirudi kinyumenyume, akikaza kila mkunjo mpaka nyuzi zinalia. Hakuna kichwa alichowahi kukisuka upesi vile.

"Yamefika wapi?" alipiga kelele bila kuinua macho.

"Kwenye bodi!" Rehani akajibu. Alikuwa amemkumbatia mtoto. "Usilie, Mustafa. Ogopa mama yako, si maji. Tukitoka hapa atatusema mpaka Idi!"

Mtoto akacheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa?"

Safari hii jibu lilichelewa. "Kwenye magodoro. Fanya haraka, Hafsa."

Alifunga dumu tupu mwishoni mwa kamba, akaliachia. Maji yakalipitisha mbali na guta. Akalivuta, akapanda nalo juu zaidi kwenye ukingo, akasema bismillahi, akalirusha tena. Rehani alijilaza kifudifudi, akaudaka mshikio.

"Mfunge kwapani! Dumu liwe kifuani! Umwachie, maji yenyewe yatamleta ukingoni!"

Rehani aliitazama kamba, akamtazama mtoto. "Itashika?"

"Nimeisuka mimi!"

Akamwachia. Mustafa akazama, dumu likaibuka, naye akaibuka nalo. Hafsa na Yusra wakavuta. Katani ilimchuna Hafsa viganja, hakusikia. Mtoto alipofika ukingoni alitapika maji, akaita mama kwa sauti ya kudai, na Hafsa hakupata nafasi hata ya kumbusu. Dumu lilirudi majini palepale.

Rehani alikuwa ndio kwanza amejifunga pale guta liliponyanyuka tena, likapinduka, likaenda na magodoro yake. Hakuonekana. Kamba ikakaza, na Hafsa akausikia uzi mmoja ukikatika mikononi mwake. Zile mbili zikashika. Wakavuta wote watatu, hata Mustafa, mpaka kichwa cha Rehani kikatokea kwenye tope, akatambaa, akalala kifudifudi kwenye nyasi.

Hafsa alimpiga kofi la mgongoni. Kisha akamlalia juu ya mgongo huohuo, akalia waziwazi mbele ya watoto.

Ile mvua iliyokuwa mbali ilifika jioni. Walijibanza wanne chini ya turubai, nalo likaanguka mara mbili, na mara ya pili Yusra alicheka mpaka akawaambukiza wote. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Walivuka wameshikana, wakatembea mpaka barabarani, ambako dereva mmoja, Filemoni, aliwapandisha kwenye fuso la machungwa. Watoto walikula machungwa njia nzima, wakisimuliana mafuriko kana kwamba yaliwapata watu wengine.

Aliwashusha Segera, mbele ya mgahawa. Viganja vya Hafsa vilikuwa vimefungwa vipande vya kanga, vimevimba kama maandazi.

"Dispensari kwanza," alisema Rehani.

"Watoto wale kwanza."

Ugali na maharage vikaja. Hafsa alijaribu kumega, akashindwa. Akajaribu kijiko, kikaanguka. Akajifanya hana njaa, akageuka kutazama mabasi.

Rehani alinawa mikono taratibu, kama kawaida yake. Akamega tonge, akalichovya, akalipeleka mdomoni kwa mkewe, mbele ya makondakta na wauza machungwa wote wa Segera.

"Watu wanatuangalia, Rehani."

"Waangalie."

Hafsa akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akatulia, akafungua mdomo.