Baba Hamalizi Sentensi

Baba yangu hubishana hata akiwa hana pumzi. Ndivyo alivyo, na hakuna wa kumbadilisha.

Kwetu tunashona magodoro ya pamba. Baba ni fundi kwa miaka thelathini. Mimi kazi yangu ni pamba. Naimwaga uani, naipiga kwa fimbo mpaka inafumuka. Vumbi linapanda kama moshi. Nikijitazama kwenye kioo jioni, namwona mzee mwenye nyusi nyeupe.

Wiki ile baba alikuwa ametoka hospitali. Mapafu yake yamechoka, njia za hewa zimebana. Walimpa dawa ya kuvuta, kopo dogo la kubonyeza. Wakatupatia na karatasi ya maelezo. Shangazi hajui kusoma, kwa hiyo niliishika mimi. Mimi shule niliiacha mapema, nasoma polepole, na siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Basi, ikaishia hapo.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa uani, chini ya dirisha la chumba chake. Mimi nilitaka kufanyia kazi kule mbali, nyuma ya tangi la maji. Baba akakataa.

"Hapo hapo... nikusikie," alisema. "Fimbo yako... ina uvivu."

Yaani mtu anaumwa, amelala, bado ananisimamia kwa masikio!

Mara shangazi akatoka mbio. Huyu ni dada yake baba, ndiye anayemuuguza.

"Mdomo! Njoo! Kaka yangu hapumui vizuri!"

Mdomo ndiye mimi. Usiulize kwa nini.

"Si umpe dawa, shangazi?"

"Nimempa! Haifanyi kitu! Hiyo dawa ni maji tu!"

Niliingia. Chumba kilikuwa na joto kama tanuri. Dirisha limefungwa, ila mbao zake zina nyufa, na vumbi lilikuwa linapita humo bila kubisha hodi. Majirani watano wamejipanga ukutani wanasikitika. Baba amelala chali kwenye godoro lake kubwa, blanketi mbili juu. Kifua kinapanda, kinashuka. Mishipa ya shingo imesimama.

"Baba, vipi?"

"We... mto..."

Hakumaliza. Baba yangu kashindwa kunitukana! Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikakimbia kwa nesi. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa anafua, akaja na povu mikononi. Alipofika mlangoni alisimama, akatutazama wote kama mtu aliyekuta watoto wanachezea moto.

"Wageni, nje tafadhali. Mnammalizia hewa."

"Sisi tumekuja kumpa pole," mmoja akasema.

"Mtampa kupitia dirishani. Nalifungua sasa hivi."

"Baridi itamwingia!" shangazi akalia.

"Mfunike miguu, mama. Kifua kinataka hewa. Toa hizo blanketi." Akanigeukia. "Wewe tafuta gari, lisubiri hapo nje. Halafu urudi."

Dereva wa jirani alikuwepo, akalileta. Niliporudi, baba alikuwa anabishana.

"Godoro hili... nimeshona... mwenyewe. Nilale."

"Ni zuri sana, mzee," nesi akasema. "Lakini mapafu yako hayajui uzuri wa godoro. Ukilala chali unayaminya."

Tukamkalisha kwenye kiti. Nesi akaweka mto juu ya meza, mbele yake. Baba akaegemea, mikono juu ya mto, mabega chini.

"Sasa vuta hewa kwa pua. Itoe taratibu kwa mdomo, midomo umeibana, kama unapoza chai. Usikimbilie. Kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta."

Alitazama midomo yake, akatazama kucha. Halafu akaninong'oneza.

"Hazijawa za buluu, vizuri. Lakini hesabu maneno anayosema kwa pumzi moja. Mtu akikosa pumzi ya kumaliza sentensi, hiyo ni hatari. Akianza kusinzia ovyo, hatari zaidi. Nampa dawa sasa. Asipopata nafuu haraka, tunakwenda hospitali. Na akizidiwa kabla, tunaondoka palepale."

"Dawa si imeshindwa?"

"Mzee, hebu nionyeshe unavyoitumia."

Baba akaachama, akajipulizia ulimini, akameza. Kama mtu anayeonja chumvi.

Nesi akashika kichwa. "Mzee! Umeimeza! Siku tatu hizi, tumbo lako ndilo linatibiwa. Karatasi ya hospitali iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Imekunjamana, imejaa pamba. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Heri angenitukana.

"Hapa kuna picha ya chupa," akasema. "Mlipewa chupa ya plastiki, ina tundu huku na huku. Iko wapi?"

Shangazi alikuwa anatazama dari.

"Ile?" akasema polepole. "Mimi nilidhani ni kasha tu. Nimetilia sindano za magodoro."

Nilitaka kupiga kelele. Wawili sisi, na baba wa tatu, hakuna hata mmoja mwenye akili!

Shangazi akaileta. Nesi akamwaga sindano zote, akaiosha, akaichungulia kwenye mwanga mara mbili asibakize kitu. Akaikung'uta maji. Akatikisa kopo la dawa, akalichomeka upande mmoja.

"Dawa inabaki humu ndani inakungoja, mzee. Fumba midomo hapa. Nabonyeza mara moja. Vuta taratibu, toa, vuta tena. Mara tano."

Kisha akabonyeza tena, na tena, kama karatasi ilivyosema. Gari linanguruma nje. Mimi nahesabu.

"Mzee, unasikiaje?"

"Afadhali." Neno moja.

Tukangoja. Nesi akampa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo.

"Na sasa?"

"Afadhali kidogo, binti yangu." Manne!

Baadaye kidogo akasema, "Mwambieni huyo dereva azime gari, ananipigia kelele."

Nikakaa chini.

"Hata hivyo, leo hii mwende kliniki wamsikilize kifua," nesi akasema. Akapitisha kidole kwenye dirisha, akakiinua. Kilikuwa cheupe. "Na hii inatoka wapi?"

Wote wakanitazama mimi.

"Ni yeye kaniweka hapo!" nikasema.

"Vumbi hili limenilisha miaka yote," baba akasema. "Limenizoea."

"Halijakuzoea, mzee. Limekuzibia mapafu. Kazi ihamie mbali. Na wewe kijana, ziba pua na mdomo unapopiga. Oga, badili nguo, ndipo uingie kwake. Ama unataka kiti cha pili hapo mezani?"

Nikaenda kutafuta kitambaa.

Alasiri tulimpeleka kliniki. Tuliporudi nikahamishia pamba nyuma ya tangi. Karatasi nimeibandika ukutani. Kila asubuhi namsomea shangazi, polepole, neno moja moja, mpaka ameikariri. Sindano zina kasha lake. Mchana baba hukaa mlango wa mbele, mbali na vumbi, mto mapajani.

Wiki mbili zikapita. Nilikuwa napiga pamba, kitambaa usoni, nimechoka. Sauti ikapasua nyumba nzima mpaka uani.

"Wewe mtoto, hiyo pamba unaipiga au unaibembeleza, maana hata huku mbali nilikoketi nasikia uvivu wako umekaa kitako unapiga miayo!"

Nilihesabu kwa vidole. Vikaisha, nikaanza upya. Maneno kumi na tisa, pumzi moja.

Shangazi akauliza nacheka nini. Nikaokota fimbo, nikapiga kwa nguvu, baba asikie.