Udongo wa Shimo la Zamani

Septemba, Dodoma imekauka mpaka mbuzi wanalamba kuta, halafu ndani ya nyumba kunanuka udongo mbichi. Miriam alifagia, akafua mapazia. Harufu ikabaki palepale, chini ya kitanda, upande wa mumewe.

Mumewe ni Thobias, mfyatua matofali wa kijiji cha Zuzu, aliyetajirika tangu biashara huria iingie na kila mtumishi atake nyumba yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa mbele za watu, na mwepesi zaidi kupiga nyumbani. Mke wake wa kwanza, Elieth, alitoroka na dereva wa lori. Ndivyo alivyosema yeye, na mwenye tanuru akisema, nani wa kubisha?

Mwaka ule, baada ya mkutano wa wanawake wa Beijing, wanawake wa Zuzu walifinyanga sanamu karibu na stesheni: mwanamke amesimama, viganja vimefunika uso, kuwalilia wote waliouawa kwa vipigo vya waume zao. Thobias, kwa kupenda sifa, akawapa udongo bure, wakachimbe wenyewe, naye akaenda zake Makutupora kupeleka matofali. Aliporudi, Miriam akamwambia wamechimba kwenye shimo la zamani, maana ndilo lenye udongo laini.

"La zamani?" Thobias alimsogelea. "Nani kawatuma huko?" Akampiga kofi lililong'oa jino. Ndipo Miriam alipojua kwamba Elieth hakupanda lori lolote.

Sanamu haikukauka. Jua liliwaka, yenyewe ikazidi kulowa, na kila mchana vidole viliachana kidogo, mpaka jicho likaonekana, nalo lilitazama kwa Thobias. Kisha zikaja nyayo za tope, kwanza njiani, halafu uani, halafu kizingitini. Thobias akamwita Athuman, mganga wa Kondoa, na adhuhuri ile mzee akiwa ndio kwanza awashe ubani, chamchela ya vumbi ikizunguka uwanja mzima, kuku wamejificha na jua limesimama utosini kana kwamba limekatazwa kusogea, mlango ukagongwa taratibu, kwa kiganja kilicholowa.

"Hodi. Ni Elieth. Nimetoka shimoni."

Athuman akafunga mkoba wake. "Jini mtupu ningemtoa," alinong'ona. "Huyu kamvaa mtu mwenye haki yake. Anayeweza kumrudisha ni mwanamke anayewasha moto wa nyumba hii. Mwambie arudi, binti yangu, naye atarudi."

"Mwambie, Miriam." Thobias alikuwa amejibanza nyuma ya kabati. "Nakuomba, mke wangu."

Tangu amwoe hajawahi kumwomba kitu. Miriam alipitisha ulimi kwenye pengo la jino. Aliogopa, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Akafungua mlango.

"Karibu ndani, mke mwenzangu. Nyumba ni yako."

Akatoka na mzee, akaurudishia mlango. Hawakusikia ukelele. Walisikia udongo ukishindiliwa kwenye kalibu ya matofali, kofi baada ya kofi.

Kesho yake sanamu ilikuwa imekauka, mikono imeshuka, uso wa Elieth uko wazi. Watu walipouliza alipo Thobias, Miriam alicheka mpaka pengo likaonekana.

"Katoroka na lori."