Sweta la Bibi Scholastica

Mwezi Juni, huko juu upande wa Litembo, ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Kwa hiyo kila alfajiri Bibi Scholastica aliwahi kubandika maji. Mjukuu wake Kunigunda alioga maji ya moto yanayofuka mvuke, akavaa sare ya shule, kisha akavaa sweta la bluu alilofumiwa na bibi yake. Hapo ndipo mwasho ulipoanza.

Kunigunda, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa na pumu ya ngozi tangu utotoni. Mwaka ule ilimzidi. Ngozi ya ndani ya viwiko ilikuwa ngumu na yenye nyufa. Kila aliponyoosha mikono ilichanika, basi akaizoeza kukaa imekunjwa. Jambo hilo lilimuumiza kuliko vidonda vyenyewe, kwa maana alikuwa mmoja wa watoto wanaocheza mbele ya altare. Sikukuu ya Mtakatifu Anna, somo wa kigango chao, yaani kanisa lao dogo la kijijini, ilikuwa inakaribia, na wimbo wa kupeleka vipaji ulitaka mikono ipande juu na kunyooka. Mwalimu Clemence, aliyewafundisha kucheza, alikuwa amemwambia kwa upole kwamba isiponyooka, safari hii atakaa na wanaotazama.

Hospitalini daktari alimpa dawa ya kupaka, kisha akampeleka kwa Dada Ottilia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Bibi alishangaa: mazoezi na ngozi wapi na wapi? Ottilia alieleza kwamba ngozi iliyokakamaa hufunga kiungo, na kiungo kisichotumika nacho hukakamaa. Akamfundisha Kunigunda kujipaka mafuta mazito mwili ukiwa bado na unyevu wa kuoga, halafu kunyoosha kiwiko polepole huku akivuta pumzi na kuitoa. Kucha zikatwe. Mwasho ukija, asijikune, bali apigepige kwa kiganja.

Mtoto huyu alikuwa na moyo, tumpe haki yake. Wenzake walipocheza, yeye alinyoosha mikono kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, machozi yakimlengalenga, bila kuacha. Hata hivyo, viwiko vilipona leo na kuchanika kesho. Wekundu nao ukamzunguka shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

Siku waliyorudi hospitalini, Ottilia aliuchunguza wekundu ule kwa muda mrefu. Akamuuliza ni nguo gani inayomgusa hapo. Sweta lilikuwa ndani ya mkoba, kwa sababu Kunigunda alilivua mlangoni, na Bibi alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi.

"Sare tu, dokta," alijibu Kunigunda, akatazama sakafu. Bibi, aliyelihesabu sweta kuwa sehemu ya sare, hakushtuka.

Angesemaje? Bibi alinunua sweta kubwa la mtumba gulioni, sufu tupu, akalifumua lote, akalifuma upya kando ya moto kwa macho yale yasiyoona vizuri. Jumuiya nzima ilikuwa imeonyeshwa. Kunigunda akaamua kufa na tai shingoni, na tai yenyewe ilikuwa sweta. Lakini roho ilimsuta njia nzima.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, mkono ulichanika katikati ya mazoezi ya kucheza. Jioni, Bibi alipomvua sweta, sufu ilikuwa imegandamana na damu. Bibi akaligeuza sweta, akaitazama damu. Kunigunda hakuweza tena kuficha.

"Bibi, linaniwasha. Tangu siku ya kwanza."

Alingoja agombezwe. Bibi aliupapasa ule mkono wa sweta.

"Nilikufumia upate joto," alisema hatimaye. "Sikukufumia ufunge mdomo."

Kesho yake mwanamke yule, aliyejulikana kijiji kizima kwa kutopenda kukosolewa, alikwenda mwenyewe kwa Ottilia kuuliza amekosea wapi. Akaambiwa kwamba sufu hukwaruza ngozi ya namna ile, na maji ya moto sana huikausha. Bibi hakujitetea. Alichana khanga zake za pamba, zile laini za siku nyingi, akamshonea mjukuu shati la mikono mirefu la tabaka mbili. Maji yakawa ya uvuguvugu. Na jioni walinyoosha mikono pamoja, kwa kuwa Bibi naye alikuwa na bega bovu.

Siku ya Mtakatifu Anna ngozi ilikuwa bado na mabaka, lakini ilikuwa laini. Wimbo wa vipaji ulipoanza, mikono ya Kunigunda ilipanda ikanyooka yote. Alipogeuka alimwona bibi yake kwenye mabenchi ya akina mama, amevaa sweta la bluu, mikono yake ikiishia karibu na viwiko. Kunigunda alijawa na furaha hata akakaribia kukosea hatua.

Baada ya misa, Bibi alimvuta kando.

"Anayekupenda mwambie panapouma, mjukuu wangu. Usipomwambia, atakuumiza kila siku huku akidhani anakutunza."

Kisha, akidhani haonekani, akajikuna shingo.

"Bibi, nawe linakuwasha?"

Bibi alitaka kukana, akajishika, akacheka.

"Linawasha," alisema. "Linawasha kweli."

Akalivua hapo hapo uwanjani.