Kipimo cha Shingo

Jioni ile Fundi alibakiza kazi moja tu: amalizie kola ya joho la mdogo wake, apige pasi, afunge duka akapumzike. Kazi ya kawaida kabisa. Lakini muulize mtu mwenye wivu, atakwambia jinsi ilivyo tabu kumshonea nguo nzuri mtu usiyetaka apendeze.

Majoho mengine ya kwaya yalitundikwa ukutani, meupe, yote sare. La mdogo wake ndilo lililowekwa utepe wa dhahabu kifuani, kwa sababu Jumapili angeimba peke yake mbele ya kanisa zima. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeamua. "Yule binti ana kipaji," alisema, "sauti ya kwanza kama ile huipati hivi hivi." Na Fundi je? Fundi aliimba sauti ya pili, mstari wa nyuma, karibu na spika mbovu, miaka nenda rudi. Hakuna aliyewahi kutoka ibadani akasema, jamani, leo sauti ya pili imenibariki.

Roho ilimuuma, tusifichane. Alimpenda mdogo wake. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, maskini, akiwa bubu, ameshindwa hata kuwaaga. Lakini kila mara watu walipompigia yule binti vigelegele, Fundi alitamani apaliwe na mate pale pale mbele. Kisha anatubu. Jumapili inayofuata, yale yale.

Mashine ikanyamaza. Ikaingia harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi... na humo dukani hamkuwa na mshumaa.

"Hodi..."

Mwanamke alisimama mlangoni, skafu imemzunguka shingo mpaka kidevuni.

"Karibu, mama. Ila nataka kufunga."

"Sikai." Sauti ilikuwa ya mzee wa kiume, inakwaruza. Fundi akadhani ni mafua. "Nimesikia una mdogo wako anaimba."

Hii sasa ilikuwa sauti ya mtoto. Mtoto wa kike, kama anataka kulia.

Fundi akasimama. "Unataka nini?"

"Unachotaka wewe," akanong'ona, safari hii kwa sauti ya kijana. "Jumapili asiimbe. Nipe kipimo chake cha shingo."

Basi, Fundi hakupima shingo kwa futi kama mafundi wengine. Alitumia uzi, kama mama yake alivyomfundisha. Unauzungusha shingoni, unapiga fundo pale ncha zinapokutana, unaubana kwa pini kwenye kola mpaka nguo iishe. Fundo lenyewe lilikuwa la mama tu, limejikunja na kuacha kijimkia kwa nyuma. Uzi ulikuwepo pale, mwekundu, kwenye kola.

Angeweza kusema hapana. Angeweza kuliita jina analoliimba kila wiki. Alijua. Akautazama ule utepe wa dhahabu... akachomoa pini.

Mwanamke akaupokea uzi, akaupenyeza chini ya skafu. Vidole vyake vikahangaika humo, vikifunga.

"Umenitosha," akasema. Akaenda zake.

Haikuchukua muda, mdogo wake huyo, kicheko kinamtangulia.

"Dada! Tayari? Hee, hebu ona! Mungu aibariki mikono yako, mimi hata kifungo kinanishinda." Akalivaa joho. Kola ikamkaa barabara. "Na hata hukunipima! Ah, lakini lini umewahi kunipima? Shingo yako, shingo yangu."

Fundi akaganda.

Kweli kabisa. Hakuwahi kumpima. Miili yao ilikuwa sawa, kwa hiyo kila nguo ya mdogo wake alijipimia mwenyewe mbele ya kioo, kwa mazoea tu, bila hata kufikiri.

Ule uzi ulizunguka shingo yake yeye.

Akafungua kinywa. Ikatoka pumzi. Pumzi tu.

"Dada? Vipi? Mbona hivyo?"

Huko nje, mtu akaanza kuimba. Wimbo wa Jumapili. Sauti ya pili, peke yake kwenye giza lililoanza kuingia, inasubiri ya kwanza ije.

Binti akageukia mlango. "Hiyo si sauti yako? Nani anaimba kwa sauti yako? Mimi naijua, dada. Nikisimama pale mbele miguu inanitetemeka, mpaka niisikie kule nyuma ndiyo napata pa kukanyaga."

Machozi yakamtoka Fundi. Miaka yote ile, kumbe!

Akamshika mdogo wake mkono wa joho. Binti akajinasua. "Niache. Kama ni shetani, kwani Jumapili huwa tunamwimbia nani? Twende."

Mwanamke alikuwa chini ya taa ya barabarani. Kinywa wazi, midomo haichezi, wimbo unatoka.

"Kwa jina la Yesu," binti akasema, "rudisha."

"Alinipa mwenyewe." Sauti ya Fundi, safi kabisa. "Alitaka kunipa yako."

Binti akamtazama dada yake. Fundi angeweza kutikisa kichwa akakana, nani angebisha? Akainamisha kichwa. Ndiyo.

Uso wa binti ukasinyaa kama wa mtoto aliyepigwa. Lakini hakurudi nyuma. "Haikuwa yake," alimwambia yule mwanamke. "Mungu alimkabidhi tu. Huwezi kupewa na mtu kisicho chake. Rudisha!"

Mwanamke akacheka, kicheko cha watu wengi, akanyoosha mkono kwenye koo la binti.

Fundi akajikaza. Mkasi ulikuwa ukining'inia kifuani kama kawaida yake. Akaushika, akaingiza mkono mwingine chini ya ile skafu.

Baridi... Nyuzi. Nyuzi tele, kila mmoja na fundo lake. Vidole vikapapasa, vikapapasa, vikakuta kile kijimkia. Akakata.

"Yesu!" Neno likamtoka kabla hajajua kwamba ana sauti.

Lakini vidole vilikuwa bado humo. Vikagusa fundo lingine. Uzi wa zamani, umelainika. Mkunjo ule ule. Kijimkia kile kile.

Mama yao naye aliimba sauti ya pili, nyuma ya mama mdogo aliyesifiwa na kila mtu. Halafu siku moja akanyamaza. Madaktari hawakuona kitu.

"Na mimi, mwanangu..." ikanong'ona sauti ya mama yao chini ya skafu.

Kabla mkasi haujaufikia, taa ikazimika. Ilipowaka, hapakuwa na mtu. Harufu ya mshumaa tu.

Jumapili binti aliimba, na Fundi aliimba nyuma yake, karibu na spika mbovu. Alisamehewa, ingawa kwa muda mrefu mdogo wake alikula naye bila kumtazama usoni.

Siku hizi Fundi hafungi duka mapema. Giza likiingia anawasha taa, anaacha mlango wazi, anashona huku akiimba sauti ya pili. Majirani wanasema ana bidii. Anaogopa, tena sana. Ila kila mteja anayeingia na skafu anamkaribisha vizuri, anamwekea kiti, kisha anaushika mkasi na kumwomba aivue apimwe shingo.